Alisema Atamweka Kati

Kocha alikuwa na sauti ya kuvunja mayai. Akianza kufoka pale uwanja wa kikapu karibu na holi ya Kaloleni, hapa Nairobi, mama wa mayai alikuwa anahamisha treyi zake kwanza, halafu ndiyo anauliza nani amekosa. Watu wa Makongeni, mtaa wa jirani, walikuwa wanageuka wakidhani wameitwa. Mimi nilikuwa nakaa hapo hapo kwa ua, na sindano yangu na gundi yangu, nashona viatu, na kuna siku alimpigia msichana mmoja kelele, "Ziba hapo!" Mimi fundi, ambaye simo kwa timu wala sijawahi kushika mpira, nikajikuta nimeziba tundu la kiatu ambalo mwenye kiatu alikuwa ameniambia nilipanue.

Jina lake nalijua lakini halina kazi hapa. Hata yeye ukimwita kwa jina alikuwa anageuka pole pole kama mtu ameitwa na askari. Kwa watoto alikuwa Kocha, kwa wamama alikuwa Kocha, na hata pasta akitaka watu wasongee kwa viti alikuwa anasema, "Kocha, hebu songa na kikosi chako." Kabila lake pia usiniulize. Alikuwa anatukana kwa Kikamba safi kuliko mjomba wangu, anasalimia kwa Kijaluo, na akitaka kuomba kitu anaomba kwa Kikuyu. Refa alikuwa anatukanwa kwa zote tatu, ndiyo asione ameachwa.

Huyo mtu alikuwa amejaa vitu vinavyogombana ndani yake. Sukari, kwa mfano. Alikuwa amekataza wachezaji wote sukari, anasema sukari inaingia kwa magoti inakaa hapo kama mpangaji mbaya. Akimshika msichana na soda anaichukua, anaimwaga kwa mchanga, anaapa kwa mama yake. Halafu anakuja kwa kibanda changu, mama wa chai anamletea kikombe, na anaweka sukari mpaka kijiko kinasimama chenyewe katikati ya kikombe kama mlingoti wa bendera ya chifu. Nikimuuliza, ananiambia yeye magoti yake yalishastaafu.

Kuchelewa pia. Alikuwa anafunza watu kufika mapema. Mchezaji akichelewa anazungushwa uwanja mpaka anaanza kuona mababu zake. Yeye mwenyewe sasa! Jua linazama, wasichana wamepasha misuli mpaka imeiva, ndiyo unamwona anatokea upande wa nyumba za mawe, anatembea kama mtu anaenda kuchukua zawadi, na kabla hajafika ameshaanza kulaumu: "Nyinyi mnanichelewesha."

Na uongo. Hapo ndiyo sitaki kupita haraka. Alikuwa anawaambia wasichana kila wakati kwamba mchezaji usimdanganye, kwa sababu mchezaji anakupa mwili wake na wewe huna kitu kingine cha kumpa isipokuwa ukweli. Maneno matamu hayo. Mimi nilikuwa nayarudia kwa wateja kama ni yangu. Halafu namwona na refa, anaapa eti msichana wake hakugusa mtu, na yule aliyeguswa bado yuko chini anahesabu meno. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa najua uongo wake una mpaka, kwamba unaishia kwa refa.

Lakini hakuna mtu atasema hakutupenda. Kuna wakati ringi ya uwanja, ile ya kutumbukizia mpira, iliibiwa. Ringi nzima, imeng'olewa na misumari yake, ubao umebaki na mashimo kama uso wa mtu ametoa meno. Kocha hakulala. Alizunguka kwa watu wa vyuma vikuukuu mpaka akaiona huko Industrial Area, iko juu ya rundo, inangoja mizani. Mwenye yadi akasema hiyo ni mali yake, ameinunua kwa haki. Kocha hakubishana. Alichukua ringi, akaivaa shingoni kama shada la maua, akapanda juu ya mizani na akakaa. Akamwambia jamaa, "Kama unauza, basi nipime na mimi tuende pamoja." Watu wa yadi walijaribu kumtoa kwa nguvu, kwa maombi, kwa mbwa. Mbwa alikuja, akamwangalia, akalala karibu na yeye. Mchana wote hakuna mtu alipima chuma. Jioni Kocha alirudi Kaloleni bado ameivaa shingoni, watoto nyuma yake wanaimba, na kama ungekuwa na kamera ungesema ni rais ameapishwa.

Mtu kama huyo ungeacha kumwamini namna gani?

Sasa, maneno yake yote yalikuwa yanarudi kwa senta, yule mchezaji wa kati anayesimama chini ya ringi. Anaongea juu ya bei ya unga, inaishia kwa senta. Anaongea juu ya ndoa, inaishia kwa senta. Alikuwa anasema timu ni kama mtaa, na senta ni mama mboga. Watu wengine wote wanakimbia huku na huku, wanapita, wanarudi, lakini mama mboga haondoki kibandani, na kila mtu lazima apite kwake. Akikosa, mtaa mzima unalala njaa. "Urefu unazaliwa nao," alikuwa ananiambia, "lakini kusimama ni kitu unajifunza."

Na alikuwa hachagui senta kwa futi, kama makocha wengine. Alikuwa anachagua kwa foleni ya maji. Nyinyi mnajua mifereji yetu ikikauka. Maji yakirudi, yanarudi kwa mfereji mmoja, na mtaa mzima unashuka na mitungi. Hapo hakuna mama mchungaji, hakuna jirani, ni viwiko na makalio. Kocha alikuwa anakuja bila mtungi wowote, anasimama kando, mikono nyuma, anaangalia nani anasukumwa anatoka na nani anasukumwa anabaki. Wageni walikuwa wanafikiri ni mtu wa kaunti.

Hapo ndipo alipomwona Mwende wangu. Mwende alikuwa bado ni wa sekondari, si mrefu wa kutisha, urefu wa kawaida wa mtu anayefikia kabati bila kiti. Siku hiyo wamama walikuwa wamechoka na ukame, wanasukumana kama ng'ombe kwa josho. Mwende ameweka mtungi wake chini, amepanua miguu, ameshusha kiuno, mgongo umewageukia wote. Wanasukuma. Anatingisika kama mti, anarudi pale pale. Na hajibu mtu. Kocha alikuja mbio kwa kibanda changu, amesahau hata kuchelewa, ananiambia, "Baba Mwende, huyo mtoto wako ni senta." Mimi sikujua senta ni nini. Nilifikiri ananiambia ana ugonjwa.

Kuanzia hapo alimfunza. Miaka. Nikiwa mkweli, alimfunza vizuri kuliko nilivyomfunza mimi kitu chochote. Alimfunza kusikia mtu kwa mgongo, kujua adui atageuka wapi kabla hajageuka. Mwende akaanza hata nyumbani kuziba njia ya jikoni kwa kiuno, mama yake hawezi kupita na sufuria.

Halafu Kocha akapata kazi ya kufunza wasichana wa koleji moja ya ufundi, hapa kando ya Industrial Area. Na Mwende akamaliza sekondari, anataka kusomea umeme na anataka kucheza senta, vitu viwili tu, hataki cha tatu. Wakati huo akaja mama mmoja, kocha wa koleji nyingine ya upande ule mwingine wa mji. Mama wa heshima, anaongea pole pole. Alikuwa amemwona Mwende akicheza. Akakaa kwa nyumba yetu, akasema kwao umeme upo, kitanda kipo, na nafasi ya senta iko wazi kuanzia siku ya kwanza. Akasema atapiga simu wiki ijayo tupange.

Nilimwambia Kocha. Ningemficha nini? Akakuja kwetu jioni, mama Mwende akampakulia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, akala sahani ya watu wa mjengo. Hakumsema vibaya yule mama. Alinawa mikono, akamwangalia Mwende, akaniangalia mimi, akasema, "Baba Mwende, wewe ni ndugu yangu. Mimi sitamzuia mtoto. Lakini akija kwangu, huyu nitamweka kati."

Tukasema tungoje simu ya yule mama, tusikie pande zote.

Simu haikupigwa. Wiki ikaisha, nyingine ikaisha. Mwende alikuwa anabeba simu yangu mpaka chooni. Sisi kumpigia tuliona aibu, ni kama kumfuata mtu aliyekuja kuposa akapotea. Na ni Kocha alituliza nyumba. Alikuja, akakaa karibu na Mwende, akamwambia, "Usiumie. Hao watu wa huko ndivyo walivyo, leo wanakutaka, kesho hawakujui. Mimi niko hapa tu." Mama Mwende akamwombea baraka, na mimi nikamshona viatu vyake vyote, mpaka vile ambavyo havikuwa vimeharibika. Siku ya kwenda koleji ni Kocha alibeba sanduku la Mwende kwa bega.

Koleji ile ilikuwa na masenta watatu, na Kocha alikuwa anawachambua kwa kibanda changu kila jioni kama daktari na eksirei. Alikuwa anachukua viatu vya wateja, anavipanga kwa ubao wangu. Slipa ni magadi, wale wa kuleta mpira, raba ni mawinga, wale wa pembeni, na senta lazima awe buti la mjengo. Kuna mwalimu alikuja kuchukua kiatu chake cha kwenda harusi, Kocha akamkatalia, akamwambia, "Ngoja kidogo mwalimu, huyu yuko kwa difensi."

Wa kwanza alikuwa msichana tuliyemwita Mlingoti. Mrefu! Mvua ikinyesha Nairobi alikuwa analoa yeye kwanza, halafu anatuambia tuanue nguo. Akiinama kufunga kamba za viatu, akirudi juu anakuta mtindo wa nywele umebadilika. Lakini, Kocha alikuwa anasema, hajui kusimama. Ukimgusa anaenda. Mikono yake inafika kwa ringi bila kuruka lakini akili yake inafika baada ya mpira kutoka.

Wa pili tulimwita Boflo, mtu wa mtaa wa Baba Dogo. Mfupi, mpana, amejengwa na mkate na Mungu akiwa na haraka. Akikaa kwa benchi upande huu, wale wa upande ule wanainuka. Huyo hakuna mtu wa kumtoa mahali, lori lenyewe lingeomba njia. Shida yake ni faulo. Kocha alikuwa anasema Boflo anaanza kufanya faulo akiwa bado kwa chumba cha kubadilisha nguo.

Wa tatu ni Mwende. Na hapo Kocha alikuwa anashusha sauti, kitu ambacho kwake ni miujiza. "Mwende si mrefu kama yule, si mzito kama huyu," anasema, "lakini wa kwanza ana mwili, wa pili ana mwili, Mwende ndiye anajua." Anachukua buti, analiweka katikati ya viatu vyote. Anaangalia. "Anajua," anarudia. Mimi baba mtu, uso unang'aa kama nimepaka polishi ya wateja.

Mechi ya kwanza tulienda ukoo mzima. Mama Mwende na kitenge kipya, mimi na koti la mazishi. Mlingoti ndiye alianza. Sawa. Kocha alinipa ishara kwa mkono, subira. Mechi ya pili, Mlingoti, akichoka Boflo. Mechi ya tatu, Boflo, akitolewa kwa faulo Mlingoti. Mwende amekaa kwa benchi na taulo begani. Sasa mimi ni mtu wa utani, nikapiga kelele kutoka kule nyuma, "Kocha, si ulisema utamweka kati?" Kocha akageuka. Akaangalia benchi, wasichana wawili huku, wawili kule, Mwende hapo katikati yao. Akasema kwa ile sauti yake ya mayai:

"Baba Mwende, kwani hapo si kati?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Na mimi nikacheka, mdomo wangu una mbio kuliko kichwa. Mwende hakucheka. Alikunja taulo, akaliweka kwa magoti, akaendelea kuangalia mchezo.

Nikarudi nyumbani nikifikiri juu ya hilo neno. Kati. Mchezaji akiwekwa kati ni heshima. Lakini hata mwizi akishikwa sokoni, watu husema wamemweka kati. Neno ni moja.

Nilimuuliza Mwende mazoezini wanafanya nini. Alikuwa anaosha vyombo, na bila kugeuka akaniambia, "Mimi ni ukuta, Baba." Ukuta namna gani? Akanieleza. Kila jioni Kocha anamweka chini ya ringi, anamleta Mlingoti, anamwambia Mlingoti asukume. Mwende asimame, Mlingoti asukume, mpaka Mlingoti ajifunze. Halafu Mlingoti asimame, Mwende amsukume. Akikosea, Mwende amwonyeshe mguu unawekwa wapi. Kila kitu Kocha alichompa kwa ile miaka, Mwende alikuwa anakitoa kwa mgongo wake na kumwekea mwingine.

Na sitadanganya, ilifanya kazi. Mlingoti alipata kusimama! Ule urefu wote, sasa una mizizi. Timu ikaanza kushinda, wakashinda mpaka koleji ikawanunulia trakisuti. Mtu anayejua kikapu angeniambia Kocha alichagua sawa, na mimi ningenyamaza, kwa sababu kumnyima mtoto wangu nafasi si dhambi. Nafasi ni moja, watoto ni wengi. Nilikuwa nimeshajiambia hivyo, nimekunywa na chai, nimelala usingizi.

Halafu yule mama kocha akaja Kaloleni.

Ilikuwa ni mechi ya kirafiki, koleji yake na ya Kocha, kwa uwanja wetu. Kamba ya sandali yake ikakatika akishuka kwa gari, watu wakamwelekeza kwangu. Alinikumbuka mara moja. Mimi nikajifanya mtu mkubwa, sikutaja simu. Nikaanza kushona. Yeye anaangalia uwanjani, wasichana wanapasha, Mwende anaruka, anashuka, anaruka. Yule mama akaangalia muda mrefu.

"Namshukuru Mungu," akasema. "Goti lilipona."

"Goti gani, mama?"

"La msichana wako. Si lilikuwa limeharibika ndani?"

Nikamwambia Mwende hajawahi kuumwa goti tangu alipoacha kutambaa. Yule mama akanigeukia, mguu mmoja bado kwa slipa niliyomwazima. Uso wake ulibadilika pole pole, kama mtu anapiga hesabu na hapendi jibu.

"Kocha wenu ndiye aliniambia," akasema. "Nilimpigia kwa heshima, kwa vile amemlea. Akanisihi nisiwaulize nyinyi, kwamba mnaficha, mtaona aibu. Akaniambia msichana hatacheza zaidi ya msimu mmoja."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimeongea kwa matanga, nimeongea kwa harusi, nimewahi kuongea na ng'ombe akatoka kwa barabara. Siku hiyo nilishika sindano tu. Nilishona ile sandali mara mbili mahali pamoja.

Kwa sababu nilikuwa nafikiri juu ya muthokoi. Na ile jioni amekaa karibu na mtoto wangu, simu iko kwa mapaja ya mtoto, anamwambia hao watu wa huko ndivyo walivyo. Alikuwa ameshapiga kisu, halafu yeye ndiye alileta bandeji, na sisi tukamwombea baraka.

Nilimwambia Mwende usiku huo huo wakati wa chakula. Aliacha kula, akanawa. Akauliza kitu kimoja tu: kama yule mama alisema ni goti la kulia au la kushoto. Nikamwambia hakusema. Akasema, "Hata goti hakuchagua," akaenda kulala.

Yule mama lazima alimpigia Kocha, kwa sababu Kocha alihama njia. Mtu ambaye alikuwa anapita kwangu kila siku akaanza kuzunguka upande wa kanisa, mzunguko wa kumaliza soli. Chai ikawa inabaki. Viatu vyake akavipeleka kwa fundi mwingine huko soko la Burma. Nilikuwa naviona kwa mbali, vimepigwa gundi kama chapati imepakwa mafuta, na moyo wangu ulikuwa unauma mara mbili, kama rafiki na kama fundi. Mwende aliendelea na mazoezi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema anamaliza masomo yake ya umeme, na Mlingoti hakumkosea.

Mwaka wa mwisho wa Mwende ukafika, na fainali ikafika. Na wiki hiyo ya fainali, Alhamisi mchana, nikainua kichwa nikamwona Kocha amesimama mbele ya kibanda. Amezeeka. Sauti imebaki ya kuvunja yai moja, tena bovu. Soli ya kiatu chake cha kulia imefunguka yote, inapiga chini paa, paa, kama mdomo wa bata. Hakusalimia. Alikaa kwa kile kiti cha wateja, akakivua, akanipa. Mimi nina slipa za kuwapa wateja wasikanyage baridi wakingoja, kwa hiyo nikampa moja. Kazi ni kazi. Nikaweka misumari mdomoni. Misumari mdomoni ni dawa nzuri sana ya hasira, huwezi kutukana bila kujichoma.

Akaanza kuongea peke yake. Kwamba Mlingoti ameteguka kifundo, daktari amekataa. Kwamba Boflo yuko Eldoret kwa mafunzo ya kazi, kiwanda kimekataa kumwachilia. Alichukua kiatu cha mtu kwa ubao, akakigeuza, akakirudisha. Akasema, "Baba Mwende, niko na shida ya senta."

Nikagonga msumari.

Mwende akatokea kutoka koleji, begi mgongoni. Akamwona. Akasimama, akanisalimia mimi, halafu akamsalimia yeye, "Shikamoo Kocha." Nilimlea vizuri, hiyo nitajisifu.

"Marahaba, Mwende," Kocha akasema. "Jumamosi ni wewe."

"Mimi wapi?"

"Kati. Mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mtu mwingine."

Nikaona macho ya mtoto wangu. Nisikudanganye, alitaka. Alitaka mpaka nikaona mabega yanapanda. Hicho ndicho kitu alichokitaka tangu ile foleni ya maji, na kilikuwa hapo mbele yake kimevaa slipa yangu moja.

"Kocha, bado una namba ya yule mama?" akauliza.

"Mama gani?"

"Uliyemwambia goti langu ni bovu."

Kocha akaniangalia. Mimi nina misumari mdomoni. Akaangalia chini. Alipoongea, aliongea ile sauti ya zamani ya kushusha, ya kusema Mwende ndiye anajua.

"Ningekupoteza," akasema. "Nilikulea mimi. Wangekuchukua, wangekuharibu, na mimi ningebaki na nini? Nilikuwa nakuhitaji, Mwende."

"Nilikuwa naweza kuambiwa hivyo."

"Ungeenda."

"Labda. Sasa mpigie. Hapa hapa, tukisikia. Mwambie goti halikuwa na kitu, ulimdanganya. Halafu Jumamosi nakuchezea mpaka damu itoke puani."

Akatoa simu. Nakuambia, aliitoa. Akatafuta, akapata, kidole kikakaa juu ya jina. Mtu aliyekaa juu ya mizani na ringi shingoni, mbele ya mbwa. Kidole hakikushuka.

"Nitampigia baadaye," akasema.

"Basi na mimi nitacheza baadaye," Mwende akasema, akapita ndani ya ua kuelekea nyumbani.

Tukabaki wawili. Kiatu chake kiko kwa mapaja yangu, nusu kimeshonwa. Akakohoa. Akasema hapa kwangu mtandao ni mbaya, ngoja asogee kidogo kwa barabara atafute. Mtandao wangu si mbaya, mnara uko nyuma ya holi, unaweza kuushika na mkono. Lakini akainuka, akaenda, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja slipa, anatembea ko, shii, ko, shii, ameshika simu juu kama mtu anatafuta mvua. Sikumwita.

Jumamosi walimchezesha winga mahali pa senta, na nikasikia walipigwa kama ngoma ya matanga. Mwende alikuwa hapa na mimi, ananishikia gundi. Hakuuliza matokeo. Saa ile mechi ilikuwa inachezwa alinyoosha tu mgongo, akasema gundi hii inanuka, tukaendelea. Na hivyo koleji iliisha, na hakuwahi kucheza senta hapo hata siku moja.

Kile kiatu nilikimaliza. Nilikishona vizuri, sijui kwa nini, labda ndiyo yule fundi wa Burma aone. Nimekitundika hapa kwa msumari. Kila siku kuna mteja anakiona, kizuri hivyo, kimepigwa polishi, ananiuliza ni cha kuuza, na mbona kiko kimoja.

Nawaambia hakiuzwi. Mwenyewe ameenda kupiga simu.